Mkono wa kushoto unaiga wa kulia

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 7. Aliumia ubongo angali tumboni, na picha ya MRI ilionyesha kovu ndani ya nusu ya kulia, karibu na vyumba vya maji. Mkono wa kushoto ni dhaifu. Akiandika kwa wa kulia, vidole vya kushoto navyo vinakunjamana, bibi yake anamkemea aache mchezo. Ila nikimfumba macho na kumwekea ufunguo kwenye kiganja hicho dhaifu, anautaja papo hapo! Mkono unaohisi hivyo, mbona hauwezi kufunga kifungo cha shati?
Mama N.

JIBU: Mama N., kwanza bibi amwache mjukuu wake. Vile vidole havimsikilizi hata yeye mwenyewe.

Mtoto huzaliwa na njia nyingi kuliko atakazohitaji: kila nusu ya ubongo hutuma nyuzi za kuamuru misuli ya mikono yote miwili. Kwa kawaida zile zisizovuka kwenda upande wa pili hufifia, hasa katika miaka 2 ya kwanza. Kwa binti yako nadhani zilibaki, kwa kuwa nusu ya kulia haikuwa na nguvu ya kushindana nazo. Hivyo nusu ya kushoto inaendesha mikono yote miwili, na amri ya kushika kalamu inafika kote kuwili.

Hisia zina ratiba yake. Nyuzi zake hufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, katika miezi ya mwisho ya mimba. Jeraha la ndani likitangulia, nyuzi hizo huweza kulizunguka na kutua palepale zilipopaswa kutua. Ndiyo maana ufunguo anaujua. Lakini habari za kiganja zinafika nusu ya kulia ya ubongo huku amri ikitoka nusu ya kushoto, na kifungo kinadai vyote viwili kwa wakati mmoja. (Angeumia wakati wa kuzaliwa, na gamba lenyewe likapigwa, huenda hata ufunguo asingeutambua.)

Kuna kipimo cha kuuchochea ubongo kwa sumaku kinachoonyesha ni nusu ipi inayoamuru mkono. Mkikipata ni sawa, ila msikisubiri ndipo muanze mazoezi.

Mtaambiwa mfungeni mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Tiba hiyo inasaidia watoto wengi. Kwa mtoto wa aina hii, mimi hupendelea kazi za mikono miwili: kushoto kushike, kulia kutende. Kushoto kukandamize daftari, kushike chupa kulia kukifungua kizibo, kushike uzi kulia kukitunga shanga. Kila siku, kwa vipindi vifupi, na ajichagulie mchezo mwenyewe. Mtoto aliyechoshwa hajifunzi kitu.

Kuiga huko kunaweza kudumu hadi ukubwani, wala hakumdhuru. Ninachokuomba uchunge ni kifundo cha mkono na kiganja: vikianza kugoma kunyooka hata amelala usingizi, mlete. Hapo misuli inafupika, na hilo halingoji.