Jibu: "Heed" inatumikaje?

Mkuu, umeuliza kama "heed" ni sawa na "hear", na kama ni sahihi kuandika "heed to the warning".

Hiyo "to" iondoe. Ni "heed the warning", "heed my advice", basi. "To" inarudi pale tu neno linapokuwa nomino: "pay heed to the warning". Wengi tunateleza hapo kwa sababu tumezoea "listen to".

Kuhusu maana, chukua mfano wa hapa kwetu Mwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali na mawimbi makubwa Ziwa Victoria. Pale mwaloni Kirumba, wavuvi wawili wamesikia tangazo lilelile redioni. Mmoja anafunga mtumbwi, anarudi zake nyumbani. Mwenzake anawasha injini na kuondoka. Wote wawili "heard", ila aliyefunga mtumbwi ndiye "heeded". Ni kuzingatia, yaani kusikia kwa vitendo. Tunaposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, masikio ya huyo mtu hayana kasoro yoyote. Shida yake ni hiyo "heed".

Mimi nisingeitafsiri "kutii", maana amri ina neno lake, "obey". "Heed" inakaa vizuri zaidi na ushauri na onyo. Onyo likipuuzwa, magazeti huandika "the warning went unheeded".

Ukiwa unapiga soga tu na rafiki, sema "listen". "Heed" ina suti na tai.