Antena ya kitanzi: upana mkubwa wa masafa ni dalili ya hasara

Ukiunda kitanzi kidogo cha kurushia redio kwenye megahezi 7.1 na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ikabaki nzuri bila kugusa kapasita kila unapohama masafa kidogo, usishangilie. Kitanzi kilichoundwa vizuri ni kisumbufu: hudai kapasita irekebishwe kila unapohama. Bomba la shaba la kiyoyozi la robo tatu inchi (milimita 19), lile wanalotumia mafundi friji wa Mwanga na Ujiji, Kigoma, likikunjwa duara la kipenyo cha mita 1 lina ukinzani wa mnururisho (ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi) wa omu 0.006 tu. Shaba yenyewe inakula kama omu 0.037. Yaani hata kazi ikiwa safi kabisa, asilimia 14 hivi ya nguvu ndiyo inayoruka; iliyobaki inapasha bomba moto.

Pima. Rekebisha SWR ifike 1 katikati, kisha kwenye NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena) soma umbali wa masafa kati ya pointi mbili ambapo SWR ni 2.6. Kitanzi hiki kitoe kilohezi 3 hivi. Ukisoma 15, ukinzani wote umefika karibu omu 0.24: unatia wati 10, inatoka robo wati.

Mwizi huwa kwenye viungio. Boliti juu ya shaba hazifai, hasa kwa unyevu wa ziwani. Fundi friji achomelee kwa fimbo ya fedha. Kapasita iwe ya seti mbili, kila ncha ya bomba ishike bamba zisizozunguka, mkondo usipite kwenye kibati kinachosugua mhimili. Bamba ziachane milimita 1, maana wati 10 tu huzaa kama volti 2,450 za kilele. Usiiguse ukirusha. (Na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iwepo kwanza.) Kitanzi kiinue angalau mita moja juu ya mabati.

Kitanzi cha kulishia, kile kidogo kinacholeta nguvu kutoka redioni, kiwe na kipenyo cha sentimita 20, mkabala na kapasita. Kibinye au kizungushe mpaka omu 50 zipatikane. Kikikulazimisha kukikuza sana, hasara ipo, rudi kwenye viungio.

Wengi hukimbilia kuongeza mzunguko wa pili wa bomba. Ukinzani wa mnururisho hupanda mara nne, kweli, lakini upana wa masafa hauongezeki, volti kwenye kapasita hukaribia maradufu, na megahezi 14 hutaifikia: kapasita inayohitajika huko ni ndogo mno. Mizunguko ikibanana, hasara nayo hupanda. Bora duara moja la mita 1.5. Linakula bomba mita 4.7 badala ya 6.3, na ufanisi hufika asilimia 36.