Gari la kwenda kusafishwa damu: Medicaid hulipa, lakini simu ndiyo huamua

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Louisville, Kentucky, pamoja na mama yangu mwenye miaka 67. Ana kadi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na anasafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nilipopiga simu kumwombea usafiri niliulizwa kama nyumbani kuna gari. Nikasema lipo, wakakataa papo hapo. Gari lenyewe ninaendea kazini alfajiri. Mara moja walikubali, lakini dereva alifika akapiga honi na kuondoka kabla mama hajamaliza kushuka ngazi. Usafiri huu ni haki yake au ni hisani tu? Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Ni haki yake. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinalitaka kila jimbo lihakikishe mwenye Medicaid anafika kwa mtoa huduma na kurudi, hata kama si dharura. Mwishoni mwa mwaka 2020 Bunge la nchi hiyo liliandika sharti hilo ndani ya sheria yenyewe. Kwa hiyo usimwombe mtu wa simu kama anayekufadhili. Unadai sehemu ya bima, kama vile dawa na vipimo.

Haki hiyo ina mipaka yake. Safari lazima iwe ya kwenda kwenye huduma ambayo Medicaid inailipia, kwa mtoa huduma anayepokea Medicaid, na mgonjwa awe hana njia nyingine ya kufika. Hapo kwenye "njia nyingine" ndipo mlipokwama. Mpokea simu anatakiwa kuuliza habari za gari, na ukijibu "lipo" ukanyamaza, kwenye kompyuta yake inaonekana mama ana usafiri. Msidanganye kwamba hakuna gari, maana usajili wa magari ni jambo linaloweza kuangaliwa. Semeni ukweli wote kwa sentensi moja: gari lipo, lakini saa za miadi liko kazini na mwenyewe, na mama haendeshi. Kisha uliza wanataka ushahidi gani na uutume wapi. Kwa kawaida ni barua ya mwajiri yenye siku na saa zako za kazi. Gari likiwa bovu, ni karatasi ya fundi. Mgonjwa akiwa na leseni lakini hali yake haimruhusu kuendesha, ni barua ya daktari. Baki na nakala, na andika tarehe uliyoituma.

Sasa simu yenyewe. Kentucky imegawanywa kanda, na kila kanda ina wakala wake wa usafiri. Unampigia wa kanda yako, saa 72 kabla ya safari. Majimbo mengine yana taratibu zao: Texas, kwa mfano, tangu Juni 2021 usafiri huu unasimamiwa na kampuni ya bima iliyoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyehamia kutoka jimbo lingine huwapoteza watu wengi. Safari za mwanzo wa wiki ziombe wiki inayotangulia, usisubiri wikendi.

Sauti ya Kiingereza ikipokea, sema tu "Swahili interpreter, please" na usikate. Mkalimani ni bure kwa sheria, na hakuna haja ya kumtumia mtoto wa shule kutafsiri habari za figo za bibi yake. Hata hivyo mkalimani hazuii makosa matatu ambayo hutupata hasa sisi wasemaji wa Kiswahili. La kwanza ni saa. Ukisema "saa tatu asubuhi" na mkalimani akatafsiri haraka haraka, inaandikwa saa ya Kizungu yenye tatu, na gari linakuja mchana au haliji kabisa. Isome saa kama ilivyo kwenye karatasi ya kituo, kwa tarakimu, kisha mwombe airudie. La pili ni tarehe: Wamarekani hutanguliza mwezi, hivyo 4/9 kwao ni tarehe 9 Aprili. La tatu ni majina na siku ya kuzaliwa. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa Januari 1, na majina yao huandikwa huku yamepinduliwa na kule yamenyooka. Anza na namba ya kadi, ndipo utaje jina kama lilivyochapwa kwenye kadi hiyo.

Uwe na mambo haya mezani kabla hujapiga: anwani yenu pamoja na namba ya fleti na msimbo wa geti, jina la kituo, anwani na simu yake, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kama mtu atamsindikiza, mtaje pale pale ili awekewe kiti, kwa sababu dereva anaweza kukataa abiria ambaye hayumo kwenye orodha yake. Usikate simu kabla ya kupewa namba ya safari.

Swali moja kwenye simu hiyo lina uzito kuliko watu wanavyodhani: "Mgonjwa anatembea?" Watoto wengi hujibu kwa kumtazama mama asubuhi, anapotoka ndani akiwa na nguvu zake. Lakini anayetoka kwenye mashine baada ya muda wa saa nne hivi huwa ameondolewa maji mwilini. Presha inaweza kushuka, miguu ikalegea, kizunguzungu kikamshika. Jibu kwa hali yake ya kurudi. Kama anahitaji kushikwa mkono, au kiti cha magurudumu wakati wa kurudi tu, sema hivyo. Gari dogo la kawaida, gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu na gari la machela ni huduma tofauti, na ukishaandikiwa gari dogo, dereva hana namna ya kumpakia mgonjwa asiyeweza kusimama.

Hapo hapo ndipo ilipo habari ya honi. Huenda safari ya mama iliandikwa ya barabarani, ambayo humtaka dereva asimame ukingoni, asubiri dakika chache, kisha aandike kwamba abiria hakutokea. Hilo likijirudia, huduma inaweza kusimamishwa. Omba safari ya mlangoni: dereva ashuke, abishe hodi, amsaidie mama hadi garini, na kule amfikishe mlango wa kituo. Taja idadi ya ngazi. Mara nyingi watataka fomu iliyojazwa na daktari au kituo kueleza kwa nini anahitaji msaada huo. Siku ile ya honi nayo msiiache hivyo hivyo. Pigeni simu ya malalamiko, semeni dereva alifika lakini hakusubiri, na mchukue namba ya lalamiko, ili rekodi isibaki ikisema mama ndiye mkosaji.

Msipige simu kila wiki kwa safari zile zile. Kwa mgonjwa wa siku tatu kwa wiki kuna oda ya kudumu, na wao huiita "standing order": siku, saa na anwani zinaingizwa mara moja na gari linakuja lenyewe hadi muda wa oda uishe. Anayeweza kuifanikisha upesi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa kituo cha kusafisha damu. Kanuni za serikali kuu zinakitaka kila kituo kiwe naye, na kuhangaikia mambo ya namna hii ni sehemu ya kazi yake. Mwulize mama jina lake, kisha umpigie wewe. Kituo kikibadilisha zamu, oda haibadiliki yenyewe. Lazima mtu amjulishe wakala. Oda nyingi huvunjikia hapo.

Gari likichelewa dakika kumi na tano kupita saa mliyopewa, mpigie wakala, na kituo pia ili wamshikie mama mashine au wampangie saa nyingine siku hiyo hiyo. Kukosa zamu moja si jambo dogo: maji na potasiamu vinajikusanya, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Akianza kubanwa na pumzi, kuumwa kifua au kulegea ghafla, piga 911, namba ya dharura, usisubiri gari la miadi.

Wakikataa tena hata baada ya kuona barua ya mwajiri, dai barua rasmi ya kukataliwa. Jibu la mdomo halitoshi kisheria. Barua hiyo lazima itaje sababu, namna ya kukata rufaa na mwisho wa muda. Hesabu siku kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, wala si siku mliyoifungua. Kama walikuwa wanampeleka na sasa wanataka kumkatia, rufaa ikiingia kabla ya tarehe ya kukatwa mnaweza kuomba aendelee kupelekwa hadi uamuzi utoke. Chama cha msaada wa kisheria cha eneo lenu husaidia kesi hizi bila malipo.

Msichanganye Medicaid na Medicare, ambayo ni bima ya serikali kuu kwa wazee na baadhi ya wagonjwa. Wagonjwa wa figo wengi hupata Medicare baadaye, na ile ya kawaida hailipii gari la miadi, isipokuwa ambulansi kwa masharti magumu. Mama akipata zote mbili, usafiri unabaki upande wa Medicaid. Kwa hiyo barua ya kuhuisha Medicaid ikija, ijibuni kwa wakati. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 nayo inapunguza aina za wahamiaji wanaoweza kupata Medicaid ya serikali kuu kuanzia Oktoba 1, 2026: hali ya ukimbizi peke yake haitatosha tena. Kama mama aliingia kama mkimbizi, ametimiza mwaka mmoja na bado hajawasilisha fomu I-485 ya kuomba green card (kadi ya ukaaji wa kudumu), shughulikieni hilo wiki hii, pamoja na barua ya mwajiri wako.