Mtama wa vuli Micheweni, usifate kalenda ya Dodoma

Yakhe, umeuliza ile mbegu ya Macia, mtama mweupe, aliyokuletea shemegi yako kutoka Dodoma uipande Disemba kama wao, mi nasema usingoje. Dodoma wana msimu mmoja tu wa mvua, Disemba mpaka Aprili hivi, sisi huku Pemba tuna vuli na masika, sasa ukipanda Disemba vuli ndo inakwisha unabaki na jua la kaskazi. Mvua za mwanzo za vuli zikishalowesha udongo vizuri tia mbegu, Macia inachukua miezi mitatu na kitu, utavuna kukavu. Masika wengi wanaumia hapo, shuke limetoa maua mvua haikatiki, punje zinaota kuvu zinakuwa nyeusi. Huko maweni mistari ya nini, chomekea penye udongo baina ya mawe, vidole viwili kwenda chini, punje tano sita, miche ikifika shubiri ng'oa ibaki miwili. Na ndege sasa! Mtama mweupe wanaupenda mno, punje zikianza kutia maziwa lazima awepo mtu kondeni asubuhi na alasiri, kama huna wa kuamia ndege basi panda kidogo tu.