Mtafute Anayerudi: kwa mnaoanza kazi ya kuleta madereva wapya wa gokati Nairobi

Mmejitolea kuisaidia klabu kupata madereva wapya wa gokati, vile vigari vidogo vya mbio, na kama kawaida jambo la kwanza mlilowaza ni mabango. Mmoja keshachora, mwingine keshaandika maneno makali ya kuhusu kasi, na sasa mnachangisha pesa za kuyachapisha. Ngojeni kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia, nendeni mkasimame kando ya njia ya GP Karting pale Carnivore, Barabara ya Lang'ata. Mtakuta foleni. Kuna wafanyakazi walioletwa na ofisi yao, kuna mtoto anayetimiza miaka kumi na miwili na amekuja na nusu ya darasa, kuna wachumba wawili wanaojifanya hawashindani. Hakuna bango lililowaleta, na wamelipa kwa pesa zao.

Watu basi wapo. Wanaokosekana ni wanaorudi. Kati ya mtu aliyekodi gokati kwa dakika chache na mtu anayejiandikisha kwenye mbio za klabu kuna pengo kubwa, na kazi yenu karibu yote imo ndani ya pengo hilo.

Mwangalieni mtu anaposhuka mara ya kwanza. Mikono inamtetemeka kidogo, maana usukani wa gokati hauna pawa. Nguo zinanuka petroli, na anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake bado yamejaa injini. Dakika kumi zinazofuata ndizo zenu. Zikipita atanunua soda, ataangalia simu, atatafuta gari la kurudi, na gokati itabaki kuwa kitu alichofanya siku ya kuzaliwa ya fulani.

Anachotaka kujua wakati huo ni muda wake. Mwonyesheni mzunguko wake bora, halafu mwonyesheni muda ambao dereva mmoja wa klabu aliuweka siku hiyohiyo, kwa gokati ileile ikiwezekana. Kisha nyamazeni. Akiwa ni mtu wetu atauliza mwenyewe: hizi sekunde nimezipoteza wapi? Asiyeuliza mshukuruni kwa kuja na mwacheni aende zake. Wengi hawatauliza, wala hawana kosa.

Anayeuliza apewe jibu moja. Hapa ndipo madereva wetu wa zamani wanapoharibu: mtu kauliza swali la sentensi moja, wao wanamfungulia darasa la mistari ya kona, presha ya tairi, mkao wa kiti na mengine kumi. Anaitikia kwa adabu na haonekani tena. Chagueni jambo moja, na mara nyingi jambo hilo ni breki.

Mwelezeni hivi. Gokati haina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na ekseli moja ngumu, kwa hiyo kwenye kona yanalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja ingawa la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ndiyo maana gokati imeundwa ili usukani ukikatwa, gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kidogo na kuiacha ikunje bila kuburuta. Hilo hutokea vizuri dereva akishapunguza mwendo angali amenyooka, kisha akakata kona kwa mkono mtulivu. Mgeni hafanyi hivyo. Anaingia konani na kasi yote, anakanyaga breki katikati, pengine mguu wa kulia bado uko kwenye mafuta, na kwa kuwa breki ziko nyuma tu, mkia unateleza na tairi zinalia. Yeye anahisi ameruka kama Hamilton wa Formula 1. Saa inasema alikuwa amelala.

Ukitaka aelewe ni kwa nini hilo linamgharimu, mpe habari ya mji wake. Gokati nyingi za kukodi hutumia injini za Honda za mipigo minne, ndugu wa zile tunazoziona kwenye pampu za maji na jenereta. GX200, kwa mfano, ina cc 196 tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vitabu vya maelekezo vya Honda vinasema injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: karibu moja ya tano ya nguvu imeachwa Mombasa. Fundi anaweza kubadilisha jeti ya kabureta ili injini isimeze petroli kupita kiasi, lakini hewa nyepesi ni hewa nyepesi. Kwa hiyo mwendo ukiupoteza konani, utautafuta hadi karibu na mwisho wa njia iliyonyooka. Nimeona macho ya watu yakibadilika wanapoelewa hili. Mtu aliyedhani mchezo ni kukanyaga mafuta anagundua kuwa ni mchezo wa kuhifadhi, na anataka kujaribu tena papo hapo.

Basi ajaribu papo hapo. Elewaneni na wenye njia ili raundi ya pili ya siku hiyo iwe na bei nafuu kwa mtu aliyezungumza nanyi. Wakikataa, klabu ichangie tofauti. Pesa za mabango zingefaa hapa.

Akija mara ya pili mkaribisheni vizuri, na mmoja wenu awe na kazi ya kukaa naye. Mbio za magari hapa kwetu zina tabia ya kuwa mambo ya familia zinazojuana tangu zamani. Hema lile limejaa utani ambao mgeni hauelewi, na yeye anasimama pembeni ameshika helmeti kama mtu aliyekosea harusi. Akija mara ya tatu, fuateni wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ashike bendera ya njano kwenye kona, asome mizani, asaidie kusukuma gokati. Mtu mwenye kazi ana sababu ya kurudi hata siku ambayo hana pesa ya kuendesha.

Kuhusu mashindano yenyewe, msimtupe mpya katikati ya mabingwa. Aanze na mbio za gokati za kukodi, za wapya peke yao. Gokati zigawanywe kwa kura mbele ya watu wote na zibadilishwe kila raundi, kwa sababu hazifanani hata kama zimetoka kiwanda kimoja, na anayeshindwa atasema alipewa bovu. Uzito nao usawazishwe kwa vipande vya madini ya risasi. Kijana wa kilo 55 akishindana na baba wa kilo 95 kwenye injini ndogo kama hizi, hapo hakuna mashindano. Na badala ya mbio moja ndefu, wekeni tatu fupi: kila mtu aanze mbele mara moja, katikati mara moja, nyuma mara moja. Faida yake ni kwamba aliyezungushwa kwenye kona ya kwanza hajaharibikiwa na siku nzima. Mtu akitoka nyumbani Umoja na kubadilisha matatu mbili, halafu mchezo wake uishe baada ya sekunde thelathini, msitarajie kumwona tena.

Na matatu zenyewe ni jambo la kufikiria. Carnivore inafikika, maana matatu za Rongai na za Lang'ata hupita barabara hiyo, lakini mkipeleka mbio nje ya mji, tuseme Whistling Morans upande wa Athi River, asiye na gari mmemtenga msipompangia usafiri. Kalenda pia. Machi hadi Mei ni masika, msiahidi sana. Likizo za shule za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka ni za vijana. Januari wacheni kabisa, wazazi wanalipa karo.

Sasa pesa. Nchi hii inapenda magari. Safari Rally ilianza 1953, ikatoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na Naivasha inafurika watu wanaokula vumbi kwa furaha. Ila ukiwauliza wengi wao kama wangependa kuendesha watacheka, maana wanaamini mchezo huu una wenyewe. Mzazi akiuliza gharama na ukamjibu "inategemea", umemthibitishia kuwa una wenyewe kweli. Mwandikieni kwenye karatasi moja: ada ya kuingia, petroli, tairi, fundi, helmeti, leseni ya mashindano kutoka KMSF, shirikisho la mbio za magari Kenya, atakapofika hatua hiyo. Mpeni bei za leo, pamoja na zile zinazotisha. Aelezwe kwamba injini ya Rotax ya cc 125 hutoka Austria, kwamba hufungwa kwa lakiri na haifunguliwi na fundi yeyote tu bali aliyeidhinishwa, na kwamba spea zake hulipiwa kwa pesa za kigeni. Halafu aambiwe asinunue chochote kabla ya msimu mzima wa kukodi. Ushauri huu utawafanya baadhi ya wauzaji wawakasirikie. Mtauvumilia.

Wapo watakaotaka kununua kwa pamoja, watu watatu wanne, kwa mtindo wa chama. Ni njia nzuri kuliko inavyosemwa, kwa sharti kwamba maswali machungu yaulizwe kabla ya mchango wa kwanza. Nani analipa ekseli ikipinda? Aliyeipinda, au wote? Ikipindwa na dereva mwingine aliyemgonga mwenzenu, je? Nani anakaa nayo nyumbani, na anayetaka kutoka anauza fungu lake kwa nani? Andikeni na mweke sahihi. Gokati ya mkono wa pili ikaguliwe kwenye maungio ya chuma, hasa karibu na kiti na ekseli, maana nyufa huanzia hapo na rangi mpya huzificha. Helmeti ya mkono wa pili msinunue hata ikiwa inang'aa, kwa kuwa iliyowahi kugongwa haionyeshi kila mara.

Wazazi wanastahili muda wenu zaidi kuliko watoto wao. Mtoto keshakubali, mama aliyesimama kwenye ua ndiye anayeamua. Swali lake la kwanza ni mkanda. Atakuja kwako na kusema, "Kijana, mbona mtoto wangu hafungwi mkanda?" Usitabasamu kama mtu aliyesikia ujinga, kwa sababu swali ni zuri. Mjibu: "Mama, gokati hii haina fremu ya kumkinga ikipinduka, kwa hiyo ni salama zaidi atoke kuliko afungwe chini yake." Zile zenye fremu huwa na mikanda, na mwonyeshe kama zipo. Mpeleke aone bampa, tairi za pembeni, na kijana wa bendera alivyo karibu. Halafu mwambie hatari ambayo hakuiuliza: nywele na vitambaa. Rasta ndefu, ncha ya hijabu au skafu inayoning'inia nyuma inaweza kunaswa na ekseli inayozunguka, na hilo ni baya kuliko kugongana. Kila kitu kiingie ndani ya ovaroli kabla injini haijawashwa, bila kumwonea mtu haya.

Nikiwa kwenye nywele: tunalalamika kuwa wasichana hawaji, kisha tunawaalika Jumamosi, siku ambayo wengi wametoka saluni, bila kuwaambia mapema kwamba kuna helmeti na soksi ya kichwa. Mtu haharibu kazi ya saa tano kwa raundi nane. Waambieni siku chache kabla. Wekeni pia mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unaofungwa. Maxine Wahome, dereva wa hapa kwetu, alishinda kundi la WRC3 la ubingwa wa dunia wa rali kwenye Safari Rally ya 2022, na picha yake inafaa ukutani, lakini picha haina mlango wala kitasa.

Msisahau kwamba si kila anayependa gokati anataka kuiendesha. Kijana anayetengeneza boda boda Kayole anajua cheni inavyokazwa, anajua plagi iliyoungua ikoje, anasikia kabureta ikikohoa kabla yenu. Mwiteni kama fundi, na mlipeni kama fundi. Kwa upande wetu, waliodumu wengi waliingia kwa mlango wa spana, na baadhi yao siku moja walikalia kiti na kuwaaibisha wenye gari.

Lililobaki ni simu. Namba ya mtu ichukuliwe kwa idhini yake, na aambiwe mtaitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata ninyi wa klabu ndogo. Msimwingize moja kwa moja kwenye kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia mbili kwa siku za watu wasiomjua. Mtumieni muda wake jioni ileile pamoja na picha moja, na kama ni mtoto, picha iende kwa mzazi. Ujumbe wa kumwalika utumwe Jumanne, siyo Ijumaa usiku, na useme ashukie steji gani, saa ngapi, alete shilingi ngapi, avae viatu vya kufunga, na amwulizie nani akifika. Akijibu kwamba mwezi umekuwa mgumu, mwekeni kwenye orodha ya mwisho wa mwezi ujao, na mwulizeni kama angependa kuja bure kushika saa.