Mradi wa shule ni wa mtoto: mzazi, tia mikono mfukoni

Pita kwenye saiba yoyote ya mtaani usiku wa kuamkia siku ya kukusanya miradi. Utawakuta wazazi kwenye foleni, mmoja anachapisha picha za mifugo, mwingine ramani ya kaunti, wa tatu anauliza kama manila ya buluu ipo. Wenye mradi wako nyumbani wamelala. Hali ni hii tangu mtaala wa umilisi, CBC tuliyoizoea, uanze kutekelezwa Kenya mwaka 2019, na mimi mwenye mtoto Gredi ya 5 na mwingine aliyekwisha kuvuka kwenda Sekondari Msingi nimekuwa na muda wa kutosha kuutazama mchezo huu.

Msimamo wangu ni mmoja. Mradi uliofanywa na mzazi haumfai mtu, hata ukirudi nyumbani umeandikwa "Kuzidisha Matarajio". Na usidhani mwalimu haoni. Anaujua mkono wa mtu mzima: mkasi uliokata bila kuyumba, herufi zilizopangwa kwa rula, gundi isiyochuruzika. Akimsimamisha mtoto mbele ya darasa amweleze alivyokifanya kile kitu, mtoto anaangalia viatu vyake.

Kabla hujatoa hata shilingi, soma maagizo. Mara nyingi yanasema vifaa vinavyopatikana katika mazingira, na maana yake ni hiyo hiyo. Sanamu ya kutishia ndege haihitaji duka. Vijiti viwili, shati lililochanika, makumbi au majani makavu ya kujazia, kofia ya babu aliyoichoka, basi. (Kuipandisha kwenye matatu asubuhi ni hadithi nyingine. Utingo atakutoza kiti cha pili.) Maagizo yakiwa hayaeleweki, mpigie mwalimu wewe mwenyewe. Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp utapata majibu mengi yanayopingana na sauti ya mtoto wa mtu analia.

Kingine, kuna miradi ambayo pesa haiwezi kuiharakisha. Mboji ni mfano mzuri. Majani mabichi, majani makavu, maganda ya jikoni, samadi kidogo na udongo, vinapangwa kwa matabaka, vinanyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili hivi. Nyama, maziwa na mafuta visiingie, vitaita panya. Hata kwa joto letu la Pwani hesabu miezi miwili au mitatu kabla haijawa nyeusi na kupoteza harufu mbaya. Mtoto akiambiwa muhula huu kuna mboji, rundo lianze wiki hiyo hiyo. Ndiyo sababu mimi huipenda likizo: ina siku nyingi mfululizo, na sayansi ya gredi hizi karibu yote inataka kitu kitazamwe siku baada ya siku.

Simaanishi tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kufanyiwa masomo ya likizo, na mimi naunga mkono. Wiki ya kwanza mwache alale, acheze, agombane na nduguze. Baada ya hapo mpe jambo moja la kufuatilia. Moja tu.

Likizo ya Aprili huku kwetu inakuja na masika, kwa hiyo kipima mvua ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote ninavyovijua. Tafuta chupa ya plastiki angavu isiyo na kiuno, ubavu wake uwe umenyooka. Ikatwe pale inapoanza kuwa nyembamba, kisha kile kipande cha juu kipinduliwe kiwe faneli. Hapa ndipo mzazi anaruhusiwa kushika kisu. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo zitiwe kokoto, maji yamiminwe mpaka yazifunike, na usawa wa maji hayo uwe sufuri. Rula ifungwe ubavuni kuanzia hapo. Chupa ifukiwe kidogo isiangushwe na upepo, mahali pa wazi, mbali na michirizi ya paa na mti. Kila siku saa tatu asubuhi, wakati ambao hata wapima hewa wa serikali husoma vipimo vyao, mtoto asome milimita, aandike, ayarudishe maji kwenye sufuri. Siku isiyo na mvua aandike sufuri, asiruke.

Utamu uko kwenye hesabu inayofuata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwambie apime paa la nyumba kwa hatua au kwa kamba. Paa la mita 10 kwa 5 ni mita za mraba 50. Ikinyesha milimita 20, ni lita 1,000 zilizoshuka juu ya vichwa vyenu usiku mmoja. Wangu alinitazama kama namdanganya, akarudia kuzidisha, kisha akauliza kwa nini basi tunanunua maji ya mkokoteni. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na baba yake akaanza kuulizia bei ya gata.

Agosti kuna Kusi, na mtoto anayetengeneza tiara au bendera ya kuonyesha upepo atagundua mwenyewe kwamba upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Sina mengi ya kuongeza hapo. Tiara ikipaa, somo limeeleweka.

Desemba ni ndefu, na kwa walio karibu na bahari ningesema: maji. Achague jiwe au nguzo ya gati, aandike kila siku ni saa ngapi maji yalifika juu kabisa, na achore umbo la mwezi wa usiku huo. Baada ya wiki ataona maji yanachelewa kila siku, takriban dakika 50. Akiendelea ataona bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na katikati yake maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Mvuvi yeyote anayajua haya, kwa hiyo mwambie akamhoji mmoja, ampe shikamoo yake kwanza na asimkatize. Awe na mtu mzima wakati wote. Maji yanayorudi hayamngoji mtu aliyeko mwambani.

Mnaokaa bara, chomekeni kijiti wima uani na mpime kivuli chake mchana, saa ile ile. Desemba kivuli cha adhuhuri kitaelekea kaskazini, Juni kitakuwa kimegeukia kusini. Daftari lisitupwe katikati ya mwaka, basi.

Na kama Bibi yupo, mpelekeni kwa Bibi. Ususi na ufumaji umo kwenye Sanaa, na wazee wetu wengi bado wanasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Binti yangu alifundishwa na mamangu: kuanika miyaa, kuchana chane za upana mmoja, kuzilowesha kidogo zisikatike, kisha kuhesabu kila zinapopishana. Ukili wake wa kwanza ulipinda. Mamangu hakuunyosha wala kuufumua, alimwambia tu auweke kando ya wa pili. Nimeiga mbinu hiyo kwa kila mradi. Kunde zilizooza kwa maji mengi ziandikwe, tarehe na sababu anayoidhani, kisha mbegu nyingine ziingie udongoni.

Wewe mzazi kazi yako ni maswali. Umeona nini leo? Unadhani kwa nini? Kesho itakuwaje? Unaweza kuyauliza ukitoka kazini umechoka, ukiwa unamenya vitunguu, na hayahitaji ujuzi wowote. Usimpe jibu hata ukilijua, na ukiwa hulijui mwambie hulijui. Simu mpe dakika chache apige picha mwenyewe. Zitakuwa na kidole pembeni, si neno.

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, achague picha nne au tano za kuchapisha, zinazoonyesha mwanzo, katikati na mwisho. Maelezo chini ya picha ayaandike kwa mkono wake, na makosa ya tahajia ayasahihishe yeye baada ya kuonyeshwa mstari ulipo. Mboji itoshe kopo moja la kuonyesha, rundo libaki shambani. Chupa ya mvua nayo isibebwe. Kinachokwenda shule ni daftari, hata kama lina alama za vidole na doa la chai kwenye ukurasa wa tarehe 14.