Sanduku la Wasomaji: Vinoo vya Kale vya Wembe

SWALI: Nimenunua kinoo cha zamani cha wembe wa kukunja. Ni cha kijivu, kimejaa mafuta, hakina lebo. Muuzaji anaapa kwamba ni Escher kutoka Ujerumani. Nitajuaje?

JIBU: Kwanza kitoe mafuta, maana jiwe lililonyonya mafuta hudanganya rangi. Kiloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukisugue kwa mswaki na kubadilisha maji hadi yatoke safi. Kikiwa kimegandishwa juu ya jiwe jingine, usikiloweke, kisugue tu. Kuchemsha ni marufuku kabisa: joto hulainisha gundi na vipande huachana.

Kisha lisugue kidogo kwa msasa wa maji, utazame tope. Mawe ya Thüringen, eneo la Ujerumani yalikotoka ya Escher, ni laini, ya jamii ya sleti; hutoa tope upesi, na tope huwa na rangi nyepesi kuliko jiwe lenyewe. Jiwe gumu la kijani lenye michirizi myekundu, lisilotoa tope kwa urahisi, huenda ni la Charnley Forest, Uingereza. Nalo ni zuri, ila hunoa polepole.

Kuhusu jina, lebo ya kampuni ya J. G. Escher & Sohn wa Sonneberg ndiyo inayopandisha bei. Bila lebo umeuziwa jiwe la Thüringen, basi, hata muuzaji aape mara ngapi.

SWALI: Kinoo changu cha coticule kutoka Ubelgiji kimebonyea katikati. Je, nikinyooshe?

JIBU: Ndiyo. Wembe hulala kwa mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo penye shimo sehemu ya makali huelea bila kunolewa. Lakini pima kwanza ubavuni unene wa tabaka la manjano, yaani coticule yenyewe inayonoa. Mara nyingi ni milimita chache tu, na ukilimaliza umebaki na kiegemeo, yaani jiwe la chini linalolishikilia.

Chora mistari ya penseli usoni kote. Weka msasa wa maji namba 220 juu ya kioo kinene, umwagie maji, usugue bila kukandamiza, ukigeuza jiwe kichwa kwa mguu kila baada ya mizunguko michache. Usipogeuza, upande mmoja utaliwa zaidi. Mistari ikifutika yote, chora upya uhakikishe. Endelea na 400, 600, hatimaye 1000. Kati ya namba na namba, suuza jiwe, kioo na mikono: punje moja ya 220 ikisalia itamega makali. Msasa ukijikunja pembeni, utaviringisha kingo za jiwe.

Malizia kwa kukata kona kwa mshazari wa milimita 1 hivi, kwa sababu kona kali nayo humega wembe. Kazi yote ifanyike jiwe likiwa limelowa. Vumbi la mawe haya lina silika, nalo huharibu mapafu.

Kishimo kidogo kwenye ncha, wembe usikofika, kiache.

SWALI: Je, kinoo cha Swaty ni jiwe la asili?

JIBU: Hapana, kilitengenezwa kiwandani, Maribor, leo nchini Slovenia. Hakifai kuanzishia wembe butu. Ni cha kurudishia makali yaliyochoka: mapito 3 hadi 5 mepesi, kisha ukanda wa ngozi. Ukizidisha, makali huwa membamba mno na kumeguka.